"Mmenipakia Waridi!" Hapana Hajati, Ile ni Beji

Wiki iliyopita Hajati mmoja kutoka upande wa Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, aliingia dukani kwetu tunakouza na kupaka rangi za nyumba, na salamu aliisahau mlangoni. "Nimelipia beji, mmenipakia waridi. Sebule yangu imekuwa saluni!"

Nikafungua daftari. Namba ya mchanganyiko ilikuwa ileile aliyoichagua. Tukafungua kopo lililobaki, tukapaka kadibodi mbele yake: beji. Hakuridhika, basi jioni nikapanda boda hadi kwake. Sebule inatazama magharibi, dirisha ni pana, na uani wametoka kusawazisha udongo mwekundu, hakuna hata jani moja. Ilipofika saa kumi na moja jua likaupiga ule udongo, wekundu wote ukaingia ndani mpaka darini. Hata ningempakia nyeupe, ingegeuka.

Malalamiko ya namna hii hayatuishii, ndiyo maana nayaandika.

Beji ni nyeupe iliyotiwa matone ya rangi nyingine: njano, nyekundu, kijani, nyeusi kidogo. Ikiegemea njano au nyekundu tunaiita yenye joto; ikiegemea kijani au kijivu, imepoa. Kwenye kadi ya dukani, kipande kidogo kama stempu, huoni imeegemea wapi. Ukutani utaona. Iweke ile kadi juu ya karatasi nyeupe pe, kando ya beji nyingine mbili, ndipo utatambua ipi ina uwaridi ndani yake.

Halafu kuna wateja wanaokuja na ushauri wa mtandaoni ulioandikiwa Uingereza, eti chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Sisi tuko ikweta. Mwezi wa sita jua linapita kaskazini yetu, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Kwetu cha kuuliza ni mashariki au magharibi, na nje ya dirisha kuna nini. Mteja wetu wa Mukono ana migomba imebanana hadi dirishani. Alichagua beji ya kijivukijivu, ukuta ukawa kijani kama wa zahanati. Pale tulirudia na yenye njano zaidi, kwa gharama yake, na sikuona aibu kumtoza kwa sababu sampuli aliikataa.

Sampuli ni kopo dogo na kipande cha plaiwudi tunachokipaka koti mbili, yaani tabaka mbili za rangi. Ndiyo, tunatoza. Usiipake juu ya ukuta wa zamani, ile rangi ya chini itakudanganya. Iache ikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo, kisha uihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa ikiwaka. Usiku usiusahau. Balbu za 6500K, zile nyeupe za kuelekea bluu, huifanya beji yenye joto ionekane kama majivu. Weka za 3000K, zile za mwanga wa njano, kwanza kabla hujanitukana.

Sasa njia ya mkato. Mzee mmoja wa Nansana aliona mashine yetu ya kuchanganyia rangi ni ghali. Akanunua ndoo ya nyeupe ya lita 20 na vichupa vya kukolezea, akakoroga mwenyewe kwa kijiti. Ndoo ya kwanza ilitoka vizuri, nakiri. Ikaishia katikati ya ukuta wa ukumbi. Ya pili hakuiweza tena, kwa kuwa matone hakuyahesabu. Tulipoitwa tulipaka upya ukumbi na vyumba viwili. Sisi wenyewe, hata rangi ikitoka mashineni, ndoo zote za nyumba moja tunazimimina pamoja kwanza kabla rola haijagusa ukuta.

Kuhusu bei, tupige hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.7, kina ukuta kama mita 43 za mraba. Toa mlango na madirisha, zinabaki 38 hivi. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba kwa koti moja. Koti mbili ni lita saba na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4. Fundi anayekuambia kopo moja latosha atalimalizia kwa maji ya jerikeni. Na hapo sijataja puti ya kulainisha ukuta, msasa na praima, ile rangi ya msingi. Plasta mpya nayo tunaiacha siku 28, hata kama harusi ni Jumamosi, kwa sababu saruji mbichi hula rangi ikaacha madoa.

Kwa Hajati hatujapaka tena. Nilimwambia apande nyasi za paspalumu kwanza, uani ukishafunikwa tuutazame ukuta upya. Akacheka, akasema nyasi ni rahisi kuliko mimi. Hata hivyo kipande cha plaiwudi chenye beji isiyo na wekundu kimesimama nyuma ya runinga yake, na safari hii sampuli amelipia.