Usishuke njiani

Mombasa, Jumatano jioni

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Bahasha hii nimempa dereva wa matatu ya Lunga Lunga akuachie hapo Msambweni kwa nyanyako. Ndani mna kadi yako ya homa ya manjano. Uliiacha juu ya friji, chini ya chupa ya ukwaju. Mtu amepanga safari miezi minne, ana hesabu ya rangi tatu, halafu kitu ambacho huenda akaulizwa mpakani Horohoro, akiingia Tanzania, na akaulizwa tena Nakonde, akiingia Zambia, anakisahau juu ya friji! Bora sindano ulidungwa mapema, zile siku kumi zimeshapita, na siku hizi ukishachanjwa mara moja basi ni ya maisha. Itie pamoja na pasipoti na barua ya chuo, kwenye kile kipochi cha shingoni. Usiitie kwenye begi kubwa.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe husema "sawa baba" kabla sijamaliza. Ninalotaka kukwambia ni moja: ukishapanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, usishuke mpaka Kapiri Mposhi, kule Zambia. Si kununua maji, si kunyoosha miguu, si kupiga picha.

Najua utacheka. Habari ya Voi, nilivyoshuka nikaachwa na treni, unaijua, sina haja ya kuirudia.

Hesabu uliyombandikia mamako ukutani jikoni nimeisoma yote jana usiku, stima ilipopotea, kwa tochi ya simu. Nilitafuta pa kukosoa nikapata padogo tu. Basi mpaka Dar, siku mbili kwa shangazi yako Temeke bila kulipa malazi, tiketi ya daraja la pili, basi la Kapiri kwenda Kitwe kupitia Ndola. Daraja la pili ni chumba cha vitanda sita, wanawake na wanawake wenzao, na ukilipa kitanda umeshalipa na nyumba ya wageni. Hapo umenishinda. Ningekuwa mimi ningekata la tatu, nikae kitini usiku kucha nijute. Lakini chakula umekipigia siku mbili. Weka tatu. Treni ile ina sifa ya kuchelewa, na anayeishiwa chakula siku ya tatu ndiye anayeshuka kutafuta cha kula. Na siku za kuondoka hubadilika, mwambie shangazi yako apite stesheni aulize kwa mdomo wake kabla hujatoka kwa nyanyako.

Kushuka kwenyewe hakuna sababu. Nimeuliza watu wawili waliopanda, wote wameniambia lile lile: wauzaji wanakuja dirishani. Ukifika bonde la Kilombero, wanawake wanakuja na wali, ndizi, kuku wa kukaanga, wanakuinulia sinia mpaka puani. Weka sarafu na noti ndogo mkononi, teremsha kioo, lipa, pandisha kioo. Noti kubwa usiitoe, maana treni ikianza kusogea chenji yako imebaki chini, na najua moyo wako ulivyo mgumu kwa shilingi mia. Iache iende. Usiruke kuifuata.

Halafu kuna jambo ambalo wewe, kwa kusoma kwako kote, hukuliandika. Voi barabara kuu iko ubavuni mwa reli. Mtu akiachwa anasimama kando ya lami, anadandia lori. Kule sivyo. Reli inaachana na barabara kuu, inakatiza mbuga ya Nyerere, ambako watu, wakiwa wamekaa dirishani, huwaona twiga na tembo, halafu kutoka Mlimba inapanda milima, ni mahandaki na madaraja tu, mpaka Makambako ndipo inakutana tena na barabara kuu. Ukiachwa katikati hapo utadandia nini? Kilomita 1,860 zile, mwanangu, ni kama kwenda Nairobi na kurudi mara mbili. Wachina na Watanzania na Wazambia waliijenga kuanzia 1970 mpaka 1975, ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa makaburu. Babu yako alikuwa akiiita Reli ya Uhuru kila ilipotajwa redioni, na hakuwahi hata kuiona. Kwa hivyo ukiwa mle ndani mtazamie na yeye. Dirishani.

Mpakani, Tunduma na Nakonde, maafisa wa uhamiaji hupanda wao humo humo kwenye treni. Na wabadilisha pesa pia. Badilisha kidogo tu, ya basi la Kitwe, na uhesabu kwacha zako mwenyewe kabla hujatoa shilingi. Ukishavuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Zambia si saa zetu. Mtu anaambiwa treni inaondoka saa nne, anatazama saa ya Mombasa, na huyo keshachanganyikiwa.

Watu hapa mtaani wananiuliza, binti yako anakwenda kusomea migodi, na mgodi wa titani wa Kwale si umefungwa tangu mwisho wa 2024? Nawajibu kwamba dunia haikuisha Kwale. Nawajibu kwa sauti kubwa. Nikifika nyumbani najiuliza swali lile lile, lakini hilo si lako.

Mamako amekuandalia visheti, vile vikavu, vitakaa hata wiki. Mahamri yamalize siku ya kwanza. Alitaka kukufungia na ng'onda, nikamwambia wenzako watano chumbani watakutupa nje pamoja na samaki wake. Amenuna. Anasema mimi sina haki ya kusema lolote kuhusu vyakula vya safarini.

Pengine ni kweli. Miaka yote nimesema nilishuka Voi kukutafutia maziwa. Maziwa yalikuwemo, kwenye chupa ya buluu, mamako aliyafunga mwenyewe. Nilishuka kuvuta sigara. Yule mama wa Taveta aliyekupakata mpaka asubuhi sikumuuliza hata jina.

Nduguyo ameshahamia kitanda chako, hakungoja hata wiki. Maji yamekatika tangu Jumapili, tunanunua ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni kapandisha bei kwa kuwa anajua hatuna pa kwenda. Paka amezaa nyuma ya tangi. Watatu, mmoja ana doa jicho moja kama yule wa zamani.

Dawa za presha za nyanyako nimezitia humu humu kwenye bahasha. Nyeupe asubuhi, za pinki usiku, mwandikie kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa sababu miwani haivai. Na mwachie ile laini yako ya Kenya, yake imeungua.

Pesa zilizo kwenye karatasi ya gazeti ni zangu, hazimo kwenye hesabu yako. Usiniulize nimezitoa wapi.

Nipigie ukifika Mbeya. Ukikosa mtandao, usishuke kuutafuta.

Babako