Harage moja tu

Swahiba,

Salaam nyingi. Huku Dar wazima, joto tu. Najua nimekuwa kimya tangu arobaini ya Babu. Lawama niwekee, utanipa tukionana.

Kuna jambo linanikereketa. Jumamosi tulikuwa na ule mkutano wetu wa waandika programu, na mdogo wake Mama Junior akapanda jukwaani mara ya kwanza. Kwa kweli alipotea. Dakika kumi anajitambulisha, herufi ukutani kama sisimizi, sisi wa nyuma tunachati. Kumaliza, makofi! Fomu zikarudi: "safi sana", "hongera dada", "Mungu akubariki". Jioni akanifuata, "Kaka, nirekebishe wapi?" Nikamjibu safi sana. Mimi, niliyeziandika fomu!

Na siyo fomu tu. QCon, ile mikutano mikubwa ya waandika programu, watu walikuwa wakitoka ukumbini wanatumbukiza karatasi ya kijani, njano au nyekundu. Nikaiga kimaskini: ndoo mlangoni, umeelewa dondosha punje ya hindi, hukuelewa dondosha harage. Sasa ndoo yenyewe inaonyesha ndani, na binti kasimama pembeni anaaga watu kwa mikono miwili. Nani atamtilia harage mtoto wa watu? Lilipatikana moja, nadhani la yule kijana wa maji.

Safari ijayo naweka mtungi wa mdomo wa kutosha ngumi tu, kila mtu apewe hindi na harage, aingize ngumi, adondoshe moja. Na kwenye fomu "umependa?" naifuta, maana hilo linajibiwa kwa adabu. Nitauliza ulipotelea wapi.

Ila mtungi haumwambii mtu kitu, ndiyo maana nakuandikia. Kule Toastmasters, vile vilabu vya kujifunza kuhutubia, mtu akishahutubia, husimama mwenzake aliyepangiwa kumtathmini, dakika mbili tatu, mbele ya wote. Wewe uliyemwambia Mjomba siku ya posa kwamba koti la kuazima linambana, njoo utufanyie hilo.

Utapata nafasi mwisho wa mwezi? Nauli nitachangia nusu. Mnaanzaje kumwambia mtu bila kumvunja moyo? Na huyu binti nimwambie sasa, au nisubiri uje? Keshatuma maombi ya kuzungumza Nairobi, mada ileile, na amenitaja mimi kama shahidi wake. Wakinipigia niseme nini?

Wako,
Mzee wa Fomu