Nyangumi Wamefika, Njoo

Mombasa, Mji wa Kale
Agosti

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila kusi limeshika na bahari imechafuka. Lakini ndio msimu wenyewe. Nyangumi wenye nundu wamefika kutoka bahari ya barafu kule Antaktika, na nimewaona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo sina hadithi nyingine.

Tulitoka Mtwapa asubuhi na mapema. Ndani ya mwamba maji yalikuwa shwari. Tulipovuka mlango wa mwamba tu, mawimbi yakatupokea, na kijana mmoja akainamia ubavuni akitapika hata nikamhurumia. Nahodha alikuwa akiangalia mbali, akitafuta moshi mweupe unaopanda juu ya maji kisha ukapotea. Moshi ule ni pumzi ya nyangumi. Alipouona akapunguza mwendo, akakaribia kidogo kutoka ubavuni, halafu akazima injini.

Rehema, walikuja wenyewe! Mama na mtoto wake. Kwanza niliisikia ile pumzi, nzito, ikitoka kwa kishindo, kisha mgongo mweusi ukainuka, ukaendelea kupita nikidhani hauishi. Mkubwa wao hufika mita 15 na uzito wa tani 30 hivi, na mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 tayari. Mama alipoinua pezi lake refu niliviona vigamba vigumu kama vile vinavyoota chini ya mashua zikikaa sana majini. Vimemng'ang'ania hata yeye. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa akisoma dua ya Nabii Yunus kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka.

Mara ikaja boti nyingine kwa kasi, watu wamesimama omoni na simu mkononi, ikawaelekea moja kwa moja. Mama akageuka, akainua mkia, chini yake mna mabaka meupe na meusi ambayo kila nyangumi ana ya kwake, na ndiyo wataalamu wanayoyapiga picha wapate kumtambua mwaka mwingine. Akazama, mtoto nyuma yake. Hatukuwaona tena.

Nilikasirika, na hasira haijaniisha. Huyo mama huku kwetu hali chochote cha maana. Chakula chake, wale uduvi wadogo, kiko kule kwenye baridi. Hapa anaishi kwa mafuta ya mwilini mwake, na kwa mafuta hayo hayo anatengeneza maziwa. Kila anapokimbizwa anatumia akiba asiyoweza kuirudisha mpaka amalize safari ya maelfu ya kilomita kurudi kusini. Na mtoto anahitaji kupumzika, kunyonya na kunenepa kabla ya safari hiyo. Boti ikae mita 100 kutoka kwake; si mbali kwa mnyama wa ukubwa ule. Utamwona vizuri tu. Ukitulia, huenda akakusogelea mwenyewe.

Tena si kana kwamba hawajateseka vya kutosha. Katika karne iliyopita wawindaji waliwaua zaidi ya 200,000 katika bahari za kusini mwa dunia. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi, na 1986 uwindaji wa kibiashara ukapigwa marufuku. Hawa tunaowaona leo ni uzao wa waliosalia. Sasa wana jarife za kuwanasa na meli za kuwagonga. Tusiwaongezee boti za watalii.

Kwa hiyo njoo, lakini tutapanda na nahodha huyu wangu, hata kama bei yake imezidi kidogo. Panda treni ushukie Miritini, nitakuja kukupokea. Ukifika mwishoni mwa Septemba utawawahi, na bahari itakuwa imeanza kutulia. Beba sweta, maana alfajiri upepo ni mkali, na tangawizi mbichi ya kutafuna njiani. Watoto waje pia kama shule itaruhusu. Mdogo wako anayependa kuimba mwambie kwamba madume ya nyangumi huimba, wimbo mmoja huweza kufika dakika 20 na zaidi, na wazamiaji wanausikia chini ya maji.

Nijibu wiki hii nimwambie nahodha atuwekee nafasi.

Wako akupendaye,
Mwanajuma