Shangazi, jalada lile siwezi kulifunga

Shikamoo shangazi.

Najua barua hii hutaisoma kwenye simu yako. Atakusomea mmoja wa wajukuu pale barazani Ujiji, baada ya alasiri. Mwambie asome taratibu, asiruke maneno. Nimeiweka hadharani kwa sababu ulichoniomba wewe, nilifunge jalada la mtoto ili familia iyamalize nyumbani, wameniomba wengi: wajomba wa watu, mashehe, wachungaji, wenyeviti wa mitaa, hata mwalimu aliyenifundisha darasa la tano. Wote hao jibu langu ni hilohilo, nikaona nilitoe mara moja.

Tangu siku ile ulipokuja ofisini kwangu, ustawi wa jamii, hujanipigia simu. Ulikuja na galoni la mawese, kama unavyoniletea siku zote michikichi ikizaa vizuri, ukalisukuma chini ya meza yangu, ukakaa, ukasema uliyotumwa kusema. Mimi nikakataa ulichotumwa, kisha nikakurudishia na galoni lako. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi, na naamini galoni lilikuuma kuliko jalada. Ulilibeba mwenyewe. Nilisimama dirishani nikakutazama mpaka ulipopanda bajaji.

Shauri lenyewe sitaligusa hapa, si jina, si mtaa, si mwezi. Mtoto akishafunguliwa jalada, habari zake ni amana. Nikikutana na mtu msibani akaniuliza, nanyamaza. Nikikutana na mama mzazi wa mtoto sokoni, namsalimia kama mtu nisiyemjua vizuri, mpaka yeye mwenyewe aamue kusimama. Ukimya huo watu huutafsiri wanavyotaka: hana la kusema, ana kiburi, kapewa chochote na upande wa pili. Basi sitakueleza shauri. Nitakueleza kazi, maana sijawahi kukueleza na wewe ndiye uliyenilipia ada mpaka nikaipata.

Huku kwetu neno "ustawi" ni kitisho. Mwanamke akichoka na mume asiyeacha hela ya matumizi humwambia, "Nitakupeleka ustawi." Na kweli benchi la nje ya mlango wangu limejaa hao. Baba kaenda Kaliua kwenye tumbaku kwa msimu mmoja, misimu mitatu imepita, harudi wala hatumi. Mama anashinda mwaloni Kibirizi akianika dagaa, na mtoto wa miaka saba amebaki nyumbani na mdogo wake wa miaka miwili. Hapo hatumchukui mtoto wa mtu, shangazi. Tunamtafuta baba kwa simu, tunaita pande mbili, tunaandikishana kiasi cha matunzo, tunatafuta bibi au jirani wa kukaa na wadogo siku za mwezi giza, wakati taa za wavuvi zinawaka ziwani usiku kucha na mama hana namna ila kuwepo mwaloni alfajiri. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubembeleza. Mwaka unaweza kuisha, na watoto niliowaondoa majumbani mwao ukawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ila yapo mashauri yasiyobembelezwa, na hapo ndipo ninapokosana na wazee wangu.

"Tuyamalize nyumbani." Nimekulia ndani ya maneno hayo na siyadharau. Mpaka wa shamba, mahari, mke aliyerudi kwao, nyumbani ndipo mahali pake. Nimekuona wewe mwenyewe ukimaliza kwa usiku mmoja ugomvi ambao mahakamani ungekula miaka. Lakini mtoto anapobakwa (nyinyi mnasema "kaharibiwa", neno ambalo mimi silitamki, kwa sababu mtoto yule hajaharibika), hebu tuhesabu saa pamoja.

Imetokea Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mama anaona mtoto anavyotembea, anauliza, anaambiwa. Mama anampelekea bibi. Bibi anasema jambo lisitoke nje mpaka babu mkubwa aje, na babu yuko Kalya, na boti za mwambao wa kusini zinategemea ziwa limeamkaje. Muda huo mtoto ameshaogeshwa, kwa huruma kabisa, na nguo zake zimefuliwa ziko kwenye kamba. Jumatatu babu anashuka botini. Jumanne kikao kinakaa. Upande wa pili unakuja na maneno matamu, laki nne na doti mbili za vitenge. Jumatano, kuna mwanamke mmoja humo ndani aliyekosa usingizi, mara nyingi ni shangazi wa mtoto, anakuja kunigongea mlango.

Dawa ya kumkinga mtoto asipate virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu jioni, saa zimekwisha. Wazee walipokuwa wanasubiri boti, muda wa mtoto ulikuwa unakatika, na hakuna doti ya kitenge itakayourudisha. Nimewahi kusimama mbele ya muuguzi aliyekuwa akihesabu siku kwa vidole vyake. Alipofika kidole cha tano aliacha, akaniangalia. Hakusema kitu.

Kwa hiyo nakuomba wewe na kila anayesikiliza hapo barazani. Likitokea, msimwogeshe. Nguo msifue, zifungeni kwenye khanga au karatasi, si kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu ukinaswa humo huharibu ushahidi. Mtoto aende hospitali usiku huohuo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ndiko inakotoka PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini mtoto asikae akisubiri karatasi wakati tiba ipo. Ukiogopa majirani, piga 116, simu ya mtoto, hailipiwi. Na usijizuie eti huna uhakika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye habari kwamba mtoto anavunjiwa haki azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Uhakika tutautafuta sisi, ndiyo kazi tunayolipwa.

Uliniambia siku ile, "Wenyewe wameshasamehe." Shangazi, hawana cha kusamehe. Katika kosa hilo anayeshtaki ni Jamhuri, si familia, na watu waliokaa kikao mtoto akiwa jikoni hawawezi kumsamehe mtu kwa niaba yake. Adhabu inaanzia miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Ndiyo maana upande wa pili huhangaika hivyo, na ndiyo maana hutuma watu wa heshima, watu ambao ofisa atashindwa kuwatazama usoni. Walijua wakikutuma wewe nitatetemeka. Nilitetemeka.

Na lile ulilolisema ukiwa umeshasimama, kwamba "hayo ni maneno ya mtoto". Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, maneno yake peke yake yanaweza kutosha. Mimi nimekaa na watoto wengi. Wapo waliokosea siku, waliochanganya nani alikuja kwanza. Wengi zaidi ni waliosema kidogo kuliko kilichotokea, kwa sababu walipoanza kusema, mtu mzima alikunja uso.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa shauri la binti wa darasa la sita. Familia ikaniomba kama ulivyoniomba. Walikuja wanne, wazee wa makamo, wapole, mmoja ana tasbihi mkononi. Walisema yule mwanamume ameshahamishwa nyumba, mtoto yuko salama, tusimwaibishe. Nilikuwa mgeni, niliona haya kumbishia mtu wa umri wa baba. Nikaandika kwenye jalada: "Limesuluhishwa na familia." Nikatia sahihi.

Wiki tatu baadaye nikapita shuleni kwake. Dawati lake lilikuwa na mtoto mwingine. Mwenzake akaniambia, "Kahamia Urambo." Kwa nani? Hajui. Nyumbani wakasema yuko kwa mama mdogo, anasoma. Mama mdogo yupi, shule ipi, kila aliyejibu alijibu lake. Nilimpigia mwenzangu wa upande wa Tabora, akazunguka shule baada ya shule, Urambo mpaka Kaliua. Nikachukua likizo nikapanda treni mwenyewe. Niliuliza kwa mama lishe wa stesheni, kwa madereva wa bodaboda, kwa wanawake wanaofunga tumbaku. Nilirudi peke yangu. Mwanamume yule, nasikia, alirudi kwenye nyumba ileile kabla ya Ramadhani.

Jalada lile lipo kabatini hadi leo, na mwandiko ni wangu. Uliponiambia "andika tu limesuluhishwa", hukujua unanirudisha kwenye sentensi gani.

Tena umenisema kwa watu kwamba navunja nyumba za watu nawapeleka watoto kwa wageni. Nataka nikusimulie kuhusu hao wageni. Tuna watu tunaowaita walezi wa kuaminika. Ni majirani wa kawaida, tumewachunguza, wamepewa mafunzo, na wamekubali kumpokea mtoto kwa muda mfupi mpaka nyumbani pakae sawa au ndugu mwingine apatikane. Hawana mshahara. Usiku mmoja wa mvua za masika, saa nane, tuligonga mlango wa mmoja wao, mimi na askari wa kike wa dawati, na mtoto wa miaka tisa aliyevaa sweta langu likimfika magotini. Mtoto hakuwa ametamka neno tangu saa kumi jioni. Mama yule hakumuuliza jina wala kilichompata. Alichochea jiko, akapasha uji, akasema kama anayeongea na sufuria, "Mbuzi wangu kazaa jana. Kukikucha sijui nani atanisaidia kumtafutia mtoto wake jina."

Kimya. Halafu kisauti kikauliza, "Ni dume au jike?"

Nilitoka nje kwenye mvua nikalia, shangazi, na nilikuwa nakulilia wewe. Mwaka ule baba alipofariki na mama akawa hajiwezi, ulinishika mkono msibani ukaondoka nami. Hakuna aliyekuchunguza wala kukupa mafunzo. Ulinilaza kwenye mkeka katikati ya wanao wawili. Nilinyamaza miezi miwili. Mashangazi wengine walisema nipelekwe kwa mganga, wewe ukanipa ungo nichague mchele, ukakaa pembeni yangu na ungo wako, kila siku, mpaka siku nilipokuuliza kwa nini chenga huwa chini. Leo mtoto akiletwa ofisini kwangu simkalishi tuangaliane. Nampa kitu cha kufanya kwa mikono, njugu za kumenya, kamba ya kusuka, nami nashika zangu, na siulizi. Wenzangu waliniuliza nilisomea chuo gani mbinu hiyo.

Kwa hiyo usidhani nilipokurudishia galoni nilikuona wewe ni mtu wa rushwa. Nilijua ni mawese tu. Lakini siku moja mtoto yule atakuwa mkubwa, na akiuliza nani alikuja ofisini na alikuja na nini, nataka niweze kumjibu bila kuruka kitu.

Nitakuja Jumapili baada ya adhuhuri. Nitapitia mwaloni, migebuka ikiwepo nitakuletea. Habari za shauri usiniulize, na aliyekutuma akikuuliza mwambie mwanao amekataa kukujibu. Ukipenda tukae tu, nipe ungo. Na kama galoni lile bado hujampa mtu, litoe ndani uliweke hapo kizingitini kwako. Nitalibeba mwenyewe mpaka Mwanga, kwa miguu, kila atakayenisalimia njiani alione.