Mjomba, shamba la Bibi lisiuzwe

Leicester, Uingereza
Jumapili usiku, mwezi wa Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, pamoja na Mama Mdogo, Somoe, na wote waliobaki Kitangari na walioshuka Mtwara mjini. Mimi ni mzima, kazi ipo, baridi imeanza kupungua, na mengine ya huku hayana haja ya kurefushwa.

Ujumbe wako wa sauti wa wiki iliyopita niliusikiliza mara tatu. Umeniomba shilingi milioni tatu za kujazia bei ya shamba la Bibi la Mkunya, ili mpate kununua kile kiwanja chenye fremu mbili za duka kule stendi. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini maneno uliyomalizia ndiyo yaliyonikalisha chini niandike. Ulisema kwamba Wachaga wametuacha mbali kwa sababu wamezaliwa na damu ya biashara, kwamba sisi Wamakonde tumeumbwa wavivu, hela ya korosho inaingia Novemba na ikifika Machi tunakopa unga, na kwamba dawa yake ni kuuza mikorosho tuingie dukani kama wao.

Mjomba, kwa mila yetu wewe ndiye mwenye sauti, na mimi mpwa wako sikuinuliwa kukukatalia neno mbele ya watu. Lakini kwa mila hiyohiyo shamba lile lilitoka kwa mama yake Bibi, likaja kwa Bibi, likawa la marehemu mama na la Mama Mdogo, na baada yao ni letu sisi wapwa. Wewe umelisimamia miaka yote hii, na Mungu akulipe, ila kulisimamia ni jambo moja na kuliuza ni jingine. Kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujampa yule mnunuzi jibu.

Kazini kwetu yupo dada mmoja wa Marangu, Kilimanjaro. Ni Mchaga wa kuzaliwa na kukulia mlimani, tumefanya zamu pamoja miaka minne, na ndiye mtu wa karibu nami kuliko wote katika nchi hii. Kwa muda mrefu nilikuwa namtazama kama ulivyowatazama wewe: niliamini kwamba kuna kitu wamewekewa ndani ambacho sisi tumenyimwa. Ni kwa kukaa naye, yeye akisimulia ya kwao na mimi ya kwetu, ndipo nilipoanza kuona kwamba tunalinganisha watu wawili ambao hawakuanza safari mahali pamoja.

Anza na maji. Mlimani kwao maji yanateremka kutoka msituni, na wazee wao, hata kabla ya Mjerumani kufika, walichimba mifongo, yaani mifereji, inayoyapitisha katika migomba ya kila nyumba. Sisi tumekaa juu ya uwanda usio na mto. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi Bibi alivyokuwa akiamka alfajiri ya kwanza kushuka bondeni na mtungi, na kupanda tena jua limekwisha kuchoma, kabla mradi wa maji wa Makonde haujafika, na hata ulipofika mabomba yalikauka miezi mingine. Saa zile alizotumia Bibi njiani na mtungi kichwani, mwenzake wa Marangu alizitumia kupalilia kahawa. Nani kati ya hao wawili alikuwa mvivu?

Halafu kahawa yenyewe. Mapadri waliipanda katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walikwisha kuwa na chama chao cha kahawa, na kutoka humo kikatokea KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Makato ya kahawa yakajenga shule, watoto wa shule wakawa makarani na walimu, na mishahara yao ikarudi mlimani kusomesha wengine. Hiyo si damu, Mjomba. Hiyo ni miaka mia moja ya jambo moja kulizaa jingine.

Kwetu mambo yalikwenda namna gani katika miaka hiyohiyo? Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliiacha kusini na njaa. Mwaka 1917 Wajerumani na Waingereza wakapigana Mahiwa, wakasomba wapagazi na chakula, hadi Mjerumani alipovuka Ruvuma. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilituona kama ghala la vibarua. Babu zetu walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine wakapitiliza hadi Kwale, Kenya, ambako watoto na wajukuu wao waliishi bila uraia mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kuudai, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Watu waliotembea umbali ule kudai karatasi ya uraia, wewe unawaita wavivu?

Reli nasi tulipewa, ndiyo, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanzishwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufa miaka michache baadaye. Tukabaki na bandari ya Mtwara na reli isiyo na mzigo wa kutosha, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Sijui kama kuna mkoa mwingine katika nchi yetu uliojengewa reli kisha ukashuhudia vyuma vikibebwa. Barabara ya kwenda Dar es Salaam unaijua vizuri kuliko mimi: hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, masika ikinyesha tulikuwa kisiwani. Mfanyabiashara wa Moshi alipakia mzigo jioni ukafika sokoni asubuhi. Sisi tulisubiri kivuko cha Rufiji siku tatu samaki wakioza. Na vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, vilikuwa ng'ambo ya mto wetu, si ng'ambo ya mto wao.

Kuhusu shule sitakuficha, sehemu ya kosa ilikuwa kwetu. Babu aliwaficha watoto wasiandikishwe shule ya misheni kwa kuogopa wasibatizwe, na mama alikufa akisikitika kwamba hakujua kusoma hata jina lake. Nilimlaumu sana Babu nilipokuwa mdogo. Sasa namwelewa, kwa kuwa hakupewa shule nyingine ya kuchagua. Lakini tazama mahali ambapo shule ilifika mapema, Masasi na Ndanda: mtoto wa Lupaso, Benjamin Mkapa, alisoma hadi akawa Rais wa nchi kwa miaka kumi.

Linaloniuma kuliko yote ni korosho, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kuwafikia. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilitoa kama tani 145,000, nyingi zikiwa za kusini. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Mlihamishwa Mkunya mkapelekwa kijiji kipya, na shamba la Bibi likawa mwendo wa saa mbili kwa miguu, nguruwe na nyasi vikalimaliza. Kilimanjaro watu walibaki katika vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, maana walikwisha kuishi kwa kubanana na migomba yao ikiwa mlangoni. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, vyao na vyetu pia, kisha ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia katika maua, bei ikawa haimlipi mtu, na katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ikatoa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa Newala, Masasi na Mtwara vikageuka maghala, na korosho yetu ikawa inapanda meli na maganda yake kwenda kubanguliwa India. Mnakumbuka ninyi mlivyolala njaa. Bibi hakuacha: alirudi Mkunya peke yake, akakata nyasi, akaupulizia dawa ya salfa mti mmoja mmoja, na ada yangu ya sekondari ilitoka katika miti ileile unayotaka kuiuza.

Sasa nakuja kwenye fremu. Umesema tuwaige Wachaga. Nilimsomea dada wa Marangu maneno yako, naye akaniuliza swali moja tu: "Mjomba wako amewahi kusikia Mchaga ameuza kihamba akafungue duka?" Duka unaloliona Mtwara mjini lina mwenyewe ambaye kihamba cha baba yake kipo, kina makaburi ya wazee wake, na kila Desemba anarudi kukilalia. Akifilisika, ana pa kwenda. Na wala hawakwenda dukani kwa sababu ya kupenda biashara tu: ardhi iliwaishia. Kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mtu anarithi robo ekari, na bei ya kahawa ilipoporomoka duniani baada ya 1989, wengi waliing'oa. Njaa ya ardhi iliwatoa mlimani wakatawanyika nchi nzima. Wewe unataka kujitafutia kwa hiari njaa ile iliyowatoa wao kwa lazima.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Yeye ndiye aliyewasomesha kaka zake wawili, ndiye aliyejenga nyumba ya baba yao kwa tofali za kuchoma, na katika kihamba hana hata mgomba mmoja, kwa sababu kwao ardhi hurithiwa na wana wa kiume. Alisema hayo akilia. Mjomba, yeye anatoka kwa watu unaowaita matajiri, na mimi natoka kwa watu unaowaita wavivu, lakini mimi mwanamke wa Kimakonde nina ekari nane Mkunya ambazo hakuna mume wala kaka wa kuniondoa. Unapolinganisha mali za kabila hili na lile, hilo nalo ulihesabu?

Sisemi kwamba hatuna makosa. Msimu ukiwa mzuri, kama ule wa 2017 kilo ilipovuka shilingi 4,000 mnadani, tunanunua pikipiki mbili nyumba moja na kufanya unyago wa siku saba, na ada za watoto zinasubiri. Unyago nauheshimu, ulinifunza utu. Fahari ya kuushindanisha na wa jirani ndiyo inayotumaliza. Na kangomba, Mjomba, kangomba ndiyo aibu yetu kubwa: kumuuzia mtu korosho ingali ua, kwa kipimo cha bakuli, mwezi wa sita, kisha kumtazama akienda nayo ghalani kulipwa bei kamili. Wenzetu walijifunza mapema kuweka mazao pamoja na kungoja bei. Hapo naungana nawe kabisa, tuwaige.

Mimi huku nimepandishwa cheo mwezi wa pili. Sasa ndiye kiongozi wa zamu ya usiku, nasimamia wauguzi kumi na mmoja, wakiwemo Waingereza wenyewe, na daktari akifika hunitafuta mimi kwanza. Nilitaka kukuambia kwa simu, lakini ulianza na habari ya shamba. Nilipokabidhiwa funguo za kabati la dawa nilimkumbuka Bibi na gunia lake la korosho kichwani, akilipeleka chama cha msingi ili nipate viatu vya shule. Kama Wamakonde tungekuwa wavivu kwa asili, mimi ningekuwa hapa?

Mwezi huu nyasi za Mkunya zinafyekwa, na baada ya wiki chache mikorosho itaanza kuchanua. Harufu ile ya maua asubuhi na umande, sijawahi kuipata mahali pengine. Juzi nilikula korosho kutoka duka la hapa, zimetiwa chumvi katika kopo, zimeandikwa kwamba zimefungashwa Vietnam. Nilizitafuna nikijiuliza kama hazikutoka kwetu. Natamani ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na chumvi, na kukaa kibarazani na wewe tukitazama jua likizama upande wa Shimo la Mungu, bila mtu kunitafuta.

Basi neno langu ni hili. Milioni tatu sitazitoa, na kwa upande wangu shamba sikubali liuzwe. Mama Mdogo nimezungumza naye jana, naye hakubali, ingawa aliogopa kukuambia. Usimkasirikie. Nimemtumia Somoe shilingi laki nane: nne ni za palizi na za kupogoa yale matawi yaliyokauka, mbili ni za kukodi bomba la kupulizia na mafuta yake, na mbili ni zako, za dawa ya presha, usimpe mtu. Jina la shamba liandikishwe chama cha msingi kabla ya mwisho wa mwezi ili tusikose salfa ya ruzuku. Ile miti saba iliyokufa upande wa makaburi ing'olewe, na Somoe apite kituo cha utafiti cha Naliendele aulizie miche bora ya kuipanda pale mvua zikianza. Korosho zote ziende ghalani, asiuze mtu hata bakuli moja nje.

Ukitaka duka, nalo si baya. Subiri misimu miwili, mapato ya Mkunya yawekwe pamoja na ya kwangu, tutapanga fremu moja, hatutanunua, na Somoe ndiye atakayekaa humo kwa sababu ana hesabu. Yule mnunuzi mrudishie fedha yake ya utangulizi kama ulikwisha kuipokea; ikiwa umeitumia, niambie ni kiasi gani, nami nitailipa bila kukuuliza imekwenda wapi.

Wasalimie wote. Mwambie Mama Mdogo kwamba kanga alizoniagiza nimezipata kwa yule mama wa Lindi, na moja nimeitandika kitandani.

Mimi mpwa wako,
Hadija