Kabla Hujaitupa Pedali, Tuletee na Adapta Yake

Jumamosi moja saa kumi jioni aliingia karakanani kwetu kijana amekumbatia kipande cha kitanda. Sitanii. Zilikuwa chaga tatu zilizogongewa misumari, na juu yake pedali tano za gitaa, vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, zimefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Waya zote zilipita chini, kwenye mianya ya chaga. Nimeona bodi za kununua zisizo na akili hiyo.

Anapiga roki, na kwa kuwa roki hapa Dar haipati jukwaa kila wiki, Jumapili anapiga kanisani. “Fundi, delei imekufa. Inapiga mluzi, mchungaji kaniambia nizime kabisa.” Delei ni ile pedali inayorudia sauti kama mwangwi.

Tulichomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya: kimya. Tukaongeza pedali moja moja. Wawa, kimya. Fazi, kimya. Delei ilipopata umeme tu, chiiii, hata kabla hajaikanyaga. Tukaichomoa kwenye ule waya wenye vichwa vitano uliolisha bodi nzima, tukaipa adapta yake peke yake. Mluzi ukakatika. Delei ilikuwa nzima kabisa.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya delei ya dijitali kuna mapigo ya umeme yanayokwenda kasi mno, na kila pigo linanyonya umeme kidogo kutoka kwenye adapta. Mtikisiko huo unarudi kwenye waya wa pamoja na kuwafikia majirani. Jirani akiwa korasi, pedali ya kutanua sauti, huenda usisikie kitu. Akiwa fazi au ovadraivu, ambayo kazi yake ni kukuza kila kinachoingia mpaka sauti ivunjike, mtikisiko huo unatoka spika nzima.

Pedali nyingi tunazoletewa zikiitwa mbovu ziko hivyo. Ugonjwa uko kwenye umeme.

Tuanze na hesabu, maana wengi huiruka. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC. Volti lazima zilingane. Miliampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, ni jambo jingine: hizo pedali inachukua inazohitaji tu, kwa hiyo adapta ya miliampea 2000 haiunguzi pedali inayokula 10. Kinachosumbua ni upungufu. Ovadraivu ya kawaida inakula chini ya miliampea 20, lakini delei au rivabu (mwangwi wa ukumbini) ya dijitali inaweza kutaka 60, 100, hata 300. Jumlisha zote, uache nafasi. Ukiwa na adapta ya 200 na bodi inayotaka 350, delei itazimika katikati ya solo na wewe utamlaumu aliyekuuzia.

Sasa adapta ya ruta. Ndugu zangu, adapta ya ruta! Au ya kamera ya ulinzi, au ya king’amuzi. Kichwa chake kinaingia kwenye pedali vizuri tu, ndiyo maana watu wanadanganyika. Lakini nyingi za hizo ni volti 12, na chanya iko katikati. Pedali karibu zote zinataka hasi katikati. Tazama mchoro mdogo wa duara ulioko kwenye adapta na ulioko kwenye pedali. Alama ya katikati lazima ifanane. Pedali nyingi zina dayodi mlangoni, kipande kidogo cha kuzilinda, ambayo chanya na hasi zikigeuzwa inajitoa mhanga. Ukisikia harufu ya kuungua na pedali haiwaki, usikate tamaa, mara nyingi ni hiyo dayodi tu, na bei yake haifiki ya chupa ya soda. Ikiwa umeme umepita hapo na kuingia ndani, maongezi yanabadilika.

Wenye pedali zilizotumwa na shangazi aliyeko Marekani: kule umeme ni volti 120, huku ni 230. Kile kichwa cha kubadilishia plagi kinabadilisha miguu, volti hakizigusi. Kwenye adapta soma neno INPUT. Ikiandikwa 100–240, chomeka kwa amani. Ikiandikwa 120 pekee, iache kwenye boksi.

Ule mvumo mzito wa “mmmm” una chanzo kingine. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo noti unayoisikia. Geuka na gitaa lako kama unatafuta mtandao wa simu; mvumo ukipungua ukielekea upande fulani, ni pikapu zako, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinadaka umeme wa chumbani, pedali haina kosa. Usipobadilika, angalia eathi. Mtindo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie tunaujua wote, lakini usiufanyie amplifaya, na usikate waya wa eathi ili kuua mvumo. Utakuja kugusa maikrofoni kwa mdomo huku umeshika nyuzi, na hapo hutatuhitaji sisi.

Neno kwa wapenzi wa fazi za transista za jemaniamu, zile za mtindo wa Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966. Nyingi za aina hiyo zina chanya kwenye ganda la chuma, kinyume na pedali nyingine, kwa hiyo ukizichanganya na nyingine kwenye waya mmoja unapiga shoti. Zipe betri yake. Na zinachukia joto: fazi iliyolia vizuri Julai inaweza kukabwa koo Februari, sauti ikakatika kabla noti haijaisha. Ukiichomeka betri, kumbuka kuchomoa jeki ya gitaa ukimaliza kupiga. Jeki ndiyo swichi yake. Ukiiacha ndani, asubuhi betri imekwisha.

Mikwaruzo ya “kra kra” ukizungusha kitufe ni vumbi na chumvi ya bahari. Wateja wa Kigamboni na Msasani wanaongoza. Tunasafisha kwa dawa ya kontakti wakati unasubiri. Usipulizie mafuta ya bawaba.

Kupima bodi nzima hatutozi. Tunatengeneza pia kiboksi cha umeme chenye matundu sita, kila tundu na mzunguko wake uliotengwa, ili delei ilie peke yake. Tupo Kariakoo, nyuma kidogo ya Msimbazi. Njoo na kila kitu: adapta, waya fupi, hata eksitensheni. Ukileta pedali tupu itawaka vizuri mezani kwetu, na nyumbani itakulilia tena.

Jumapili tumefunga, nusu ya wateja wetu wako madhabahuni na mimi nakaa kiti cha nyuma, nasikiliza nani ana mvumo.