Taa yangu ya taimingi, tafadhali

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe, uliyekaa kimya tangu siku ile ulipoondoka na taa yangu ya taimingi, ile ya kuonyesha plagi zinatoa moto wakati gani injini ikizunguka, kwapani ukisema "kesho naileta". Kesho hiyo sasa ina mwaka na miezi. Sikukudai kwa sababu sikuwa na haja nayo. Leo ninayo.

Dhumuni la barua hii ni gari langu, Volkswagen Beetle. Injini inagonga.

Usiseme tapeti. Tapeti, zile zinazosukuma vali, nazijua, hulia hata gari limesimama, na nilipima nafasi zake asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, zote nane 0.15 mm. Wala si ekzosi inayovuja. Huu ni mlio kama wa mtu aliyetia misumari midogo kwenye kopo la bati, anatikisa. Unakuja napopanda mlima na gia ya nne, mguu chini. Nikiinua mguu kidogo tu, kimya. Gari likisimama hata ulipigishe resi namna gani, husikii kitu, ndiyo maana mafundi wawili wamenitazama kama mgonjwa wa kujitakia.

Wa kwanza alisema petroli. Sibishi, petroli dhaifu hugongesha injini. Lakini hii injini ya sisi 1600 mgandamizo wake ni kama 7.5 kwa 1, mdogo mno, si injini ya kudekezwa. Nikajaza ile ya oktani ya juu hata hivyo. Mlio ukapungua, haukuisha. Nikajua nafunika kidonda.

Wa pili ndiye aliyeniumiza. Alilegeza distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, akaizungusha huku ameinamisha kichwa anasikiliza, akakaza, akasema tayari. Kwa sikio! Alikuwa amechelewesha moto, yaani cheche za plagi, na kweli mlio ulikufa. Nilifurahi siku tatu. Kisha gari likawa zito kama limebeba mawe, na kila nikiegesha nasikia harufu ya oili ya moto. Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua hata vali ya ekzosi inapofunguka, na joto lote linaishia kwenye hedi, kichwa cha injini. Gari lenye rejeta lina maji ya kulisitiri kidogo. Hili lina feni na mapezi ya chuma, basi.

Nikarudisha taimingi, yaani wakati wa moto, mwenyewe kwa balbu injini ikiwa imezimwa, digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, maana distribyuta ni ile aina ya 009 isiyo na kopo la vakyumu la kuwahisha moto. Hapa naungama, na usimwambie shemeji: nilipanga taimingi kwanza, ndipo nikarekebisha pointi, vile vidole vya ndani ya distribyuta vinavyoachana ili cheche itoke. Pointi zikipanuliwa zinaachana mapema, na moto unawahi. Nilichojenga kwa mkono wa kulia nikakibomoa kwa wa kushoto, halafu nikashangaa misumari imerudi kopo zima! Nikaanza upya, pointi 0.4 mm, kisha taimingi. Misumari ikapungua, lakini ikabaki.

Jumamosi nikachoka kukisia, nikafungua plagi zote na kuzipanga juu ya gazeti kwa namba zake. Laiti ungekuwepo. Ya 1 na ya 2 zilikuwa za kahawia, safi, kama picha za kitabuni. Ya 3 na ya 4 nyeupe kama chaki. Nikachukua lenzi anayosomea mzee, nikaitazama ya 3 juani: kwenye kauri yake kuna vitone vidogo vinavyometa, kama vumbi la fedha. Nikakaa chini pale pale. Ile ni aluminiamu, ndugu yangu. Ni pistoni yangu inayotoka punje kwa punje.

Shemeji akaja na ile hadithi yake, kwamba silinda ya 3 hupikwa siku zote kwa kuwa kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake. Kwa injini za zamani ni kweli tupu. Lakini hii ni ya 1972, kipoza kilishahamishiwa kwenye kijumba chake pembeni. Halafu nikamuuliza, na ya 4 nayo inapikwa na nani? Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa. Ya 3 na ya 4 ziko upande mmoja, wa kushoto, na zinanyonya kupitia bomba moja. Plagi zikiwa nyeupe upande mmoja tu, kosa liko kwenye upande huo.

Basi nikawasha injini ingali baridi, ndoo ya mchanga karibu (najijua), nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye ile mipira inayounga bomba la hewa. Kulia, hakuna badiliko. Kushoto, injini ikapanda resi yenyewe. Nikazima, nikapitisha kidole chini ya mpira pasipoonekana kwa juu. Ukucha ukazama. Umepasuka nusu mzunguko! Kumbe miezi yote hiyo silinda mbili zilikuwa zinavuta hewa ya wizi, petroli haitoshi, zinaungua kwa joto la kupita kiasi. Na mafundi wawili hakuna aliyeinama kugusa mpira.

Nimebadilisha mipira yote miwili. Gari limekuwa jingine, mlimani linapanda kama limesahau umri wake. Lakini, na hapa ndipo narudi kwenye taa yangu, siku ya jua kali nikiwa na abiria nasikia misumari miwili mitatu ikianguka mwisho wa mlima. Nikirudisha gia ya tatu inaacha. Sehemu ya kosa ni yangu: feni inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo nikiikokota na gia ya nne, mzigo mkubwa na upepo mdogo. Sasa narudisha gia mapema. Hata hivyo sina amani. Balbu inanionyesha taimingi ya injini iliyosimama tu. Je, ikipita mizunguko 3,000, zile chuma ndani ya distribyuta zinazowahisha moto kadiri injini inavyokimbia zinafunguka hadi wapi? Zinatakiwa ziishie kati ya digrii 28 na 32. Zikiwa zimechakaa, huenda inafika 38 na mimi naimba njiani. Nimeshachora alama ya digrii 30 kwenye puli kwa rangi nyeupe. Alama ipo, taa haipo.

Sasa nijibu, na usijibu nusu kama kawaida yako. Taa iko nzima, au ile klipu inayobana waya wa plagi uliivunja? Ulimwazima yule mrefu? (Kama ni yeye, niambie tu, nitamfuata mwenyewe.) Yako ilipogonga mwaka ule, mwisho wake ilikuwa nini, maana ulisimulia nusu ukakatizwa na simu? Ule mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini uliuweka mpya? Wangu umeliwa, na nashuku feni inavuta tena hewa moto ya chini. Na bati la feni ulilitoaje bila kushusha injini? Sijathubutu kulifungua, naogopa kukuta kiota cha panya.

Msalimie mama watoto. Mwambie kama taa iko kwenye lile kabati lake, anayo ruhusa yangu ya kulipekua.

Wako, mwenye misumari,
unanijua.